Ila ya Mstari wa Nne

MUJIBU: Haloo? Nani mwenzangu?

SHAKILA: Ahaa! Kumbe simu yako inapokeleka.

MUJIBU: Haloo? Namba ngeni hii, naongea na nani?

SHAKILA: Na Shakila. Yule Shakila uliyemkatia simu mara kumi na moja tangu asubuhi.

MUJIBU: Ah, Shaki! Habari za Kitangari? Habari za—

SHAKILA: Usiniulize habari!

MUJIBU: Tumefika huko, hata salamu hatupeani?

SHAKILA: Salamu ndizo zilizotufikisha hapa, halafu unaniongezea nyingine! Nimeazima simu ya Mama Severina kwa sababu ya kwangu ukiona inaita unaigeuza kifudifudi. Sasa kwanza nikwambie kabisa, simu hii—

MUJIBU: Nilikuwa kikaoni, wallahi.

SHAKILA: Kikao na nani? Ofisi nzima hapo Masasi ni wewe na feni bovu!

MUJIBU: [anacheka kidogo] Sasa Shaki—

SHAKILA: Umecheka? Mujibu, umecheka?

MUJIBU: Sijacheka.

SHAKILA: Nimekusikia. Na si mimi tu niliyekusikia, maana simu hii—

MUJIBU: Haloo? Unakatikakatika. Sogea penye mtandao.

SHAKILA: [mtandao unakwaruza] ...hapo vipi?

MUJIBU: Hapo safi.

SHAKILA: Haya. Nina dakika za kuazima, kwa hiyo kaa kimya usikie. Unajua leo alfajiri kimetokea nini huku?

MUJIBU: Nimesikia kidogo.

SHAKILA: Kidogo! Nyumba mia mbili na kumi na nane za Kitongoji cha Juu, zote nilizozipitia mimi kwa mguu, nikaandika namba za simu, nikawaapia watu kwamba kuanzia sasa zamu ya maji mtaletewa kwa meseji, hamtakesha tena bombani. Si nilifanya hivyo?

MUJIBU: Ulifanya.

SHAKILA: Juzi wakapata meseji. Jumatano, saa kumi na moja alfajiri, maji ni ya Juu. Na wewe umekulia huku, unajua mwanamke wa huku uwandani, kusiko na kisima, akiambiwa maji yanakuja kesho anafanya nini.

MUJIBU: Anasuuza mapipa.

SHAKILA: Anamwaga! Yale ya chini yenye matope anamwaga yote, anasugua pipa kwa mchanga, analilaza juani likauke. Mama Severina kamwaga mapipa manne jana. Manne, Mujibu! Sasa nenda kalitazame hata moja kama lina tone. Mabel wa hapa jirani kajifungua juzi, kichanga kinaogeshwa kwa maji ya kikombe. Na alfajiri wamepanga ndoo mpaka barabarani, koki ikakoroma, ikatema upepo, basi. Maji yakashukia kwa watu wa Chini.

MUJIBU: Ilikuwa zamu ya Chini kweli.

SHAKILA: Aa, kumbe unajua!

MUJIBU: Nimeangalia baadaye. Programu ilipindua siku. Jumatano ya Chini ikawaandikia Juu, na Ijumaa ya Juu ikawaandikia Chini. Ni kosa dogo tu, mstari mmoja—

SHAKILA: Kosa dogo! Kuna watu wameshuka bondeni na ndoo kichwani tangu saa moja na hawajapanda mpaka sasa, unaniambia kosa dogo?

MUJIBU: Kwenye programu ni dogo, nasema. Nimeshalirekebisha.

SHAKILA: Haya, tuje kwenye hilohilo. Wiki iliyopita tulikubaliana nini? Ukibadilisha chochote kwenye programu, ile mashine kule kwenye seva iijaribu yenyewe, iijenge yenyewe, halafu ilete majibu kwenye kundi letu la kazi. Imepita, imekwama. Mimi nikiona imepita, nabonyeza Ruhusu, meseji zinakwenda majumbani. Nikiona imekwama, sigusi kitu. Sivyo?

MUJIBU: Ndivyo.

SHAKILA: Na nani aliambiwa atengeneze taarifa hizo za kundini?

MUJIBU: Mimi.

SHAKILA: Nasoma basi. Ninayo hapa kwenye simu yangu. "Habari za kazi, wakubwa zetu. Tunamshukuru Mungu kazi inaendelea vizuri. Mashine imemaliza majaribio ya leo salama."

MUJIBU: Endelea chini.

SHAKILA: Ndiyo, chini! Mstari wa nne! "Ila kuna jaribio moja la ratiba ya zamu halijakaa sawa, tunaomba tusiruhusu kwanza." Ila! Ila umeiweka mstari wa nne, Mujibu! Simu yangu ikiwa imefungwa inanionyesha mistari miwili. Nimeona vizuri, nimeona tunamshukuru Mungu, nikabonyeza!

MUJIBU: Sasa si ungefungua usome yote?

SHAKILA: Ningefungua.

MUJIBU: Shaki?

SHAKILA: Sikiliza. Hilo nimekosa, na nitalisema mwenyewe mkutanoni kwamba aliyebonyeza ni mimi. Nilikuwa njiani, mtandao unakuja na kupotea, nikaona vizuri nikabonyeza. Hilo nalibeba. Lakini wewe ulikaa kwenye kiti, na feni lako bovu, ukatunga kabisa taarifa ya kosa inayoanza na tunamshukuru Mungu. Ilikuingiaje kichwani?

MUJIBU: Kundini yumo Mzee Barnaba.

SHAKILA: Kwa hiyo?

MUJIBU: Kwa hiyo nini! Mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu mzima, mashine inaingia kundini saa mbili asubuhi inamwambia IMEKWAMA, kwa herufi kubwa, bila hata hodi? Mtoto wa nani huyo? Mimi nimefundishwa kwetu, habari mbaya humtupii mkubwa usoni. Hata msiba, mtu akikuuliza habari za nyumbani unasema nzuri. Nzuri, ila baba hatunaye. Tunaanza na nzuri, Shaki, wewe si mgeni.

SHAKILA: Kwenye msiba naiona sura yako! Naisikia sauti yako! Ukisema nzuri kwa sauti ile, najua ila iko njiani, nakaa chini kabisa nikaisubiri. Hiyo mashine yako ina sura? Ina sauti? Nzuri yake nitaijuaje kama ina ila nyuma?

MUJIBU: [mtandao unakwaruza] ...nilitaka heshima tu.

SHAKILA: Ulitaka usionekane umekosea mbele ya Barnaba! Heshima isingizie kwa wengine. Kosa lilikuwa lako, ukalifunika kwa salamu, na maji ya watu yakamwagika.

MUJIBU: Haya basi! Nimekosa! Unataka nilie?

SHAKILA: Sitaki ulie. Nataka uniambie saa kumi niseme nini. Mkutano ni saa kumi, sasa hivi ni saa tisa na nusu. Unajua wamembebesha nani lawama?

MUJIBU: Huko mkutanoni?

SHAKILA: Mujibu, unajua wamembebesha nani lawama?

MUJIBU: Nimesikia.

SHAKILA: Mlinzi wa pampu. Mjomba wako Swalehe. Wamemnyang'anya ufunguo wa chumba cha pampu asubuhi, mbele za watu, na watoto wanaangalia. Wanasema amewapendelea wakwe zake, kwa kuwa mkewe ni wa Chini. Watu wamepata meseji inasema maji ni yao, maji hawakuyaona, na aliyeshika koki ni yeye. Nani atamwamini?

MUJIBU: Mjomba alifungua kwa ratiba ipi?

SHAKILA: Ile ya karatasi, iliyogongwa mhuri wa kamati, imebandikwa mlangoni pale pale pampuni. Jumatano Chini, Ijumaa Juu. Alifungua sawasawa. Tena kawaonyesha hiyo karatasi, wakamwambia hiyo ya zamani, siku hizi maji yanaendeshwa na kompyuta. Saa kumi wanamwondoa kazini. Miaka kumi na tisa, Mujibu.

MUJIBU: Astaghfirullahi.

SHAKILA: Ndiyo hivyo. Sasa niambie.

MUJIBU: Ngoja nifikiri.

SHAKILA: Umefikiri tangu asubuhi, mara kumi na moja.

MUJIBU: Sikiliza. Tukisema programu imekosea, mradi umekufa. Barnaba tangu mwanzo hakuutaka. Wale wa Mtwara wanaotupa ruzuku wakisikia, ndiyo basi. Mimi nimeacha ualimu kwa sababu ya kazi hii, Shaki. Sina pa kurudi.

SHAKILA: Kwa hiyo?

MUJIBU: Kwa hiyo kuna namna ya kulipoza.

SHAKILA: Lipoze nikusikie.

MUJIBU: Mjomba ni mtu mzima. Kila mtu anampenda hapo. Akisema... yaani, tuseme tu kwamba ratiba ilibadilishwa, yeye hakupata taarifa vizuri, akachanganya siku. Uzee. Watamsamehe kesho yake. Mimi nitakuja mwisho wa mwezi nimpooze, nimletee hata—

SHAKILA: Rudia.

MUJIBU: Nini?

SHAKILA: Rudia hayo uliyosema. Kwa sauti.

MUJIBU: Nimesema akisema alichanganya siku—

SHAKILA: Nani achanganye?

MUJIBU: Mjomba! Mjomba Swalehe! Shaki, unanihoji kama polisi.

SHAKILA: Sikuhoji. Nimekwambia mara mbili nikueleze habari ya simu hii, mara mbili ukanikatiza. Simu ya Mama Severina imekufa sehemu ya sikio. Inaongea kwa spika tu. Ukipiga kelele Masasi, baraza zima linakusikia.

MUJIBU: Uko... uko na nani hapo?

SHAKILA: Nimekaa barazani kwa Mama Severina. Mama Severina yupo. Na kwenye kigoda hapa mbele yangu amekaa Mzee Swalehe.

MUJIBU: Shakila.

SHAKILA: Tangu haloo.

MUJIBU: Shakila, umenifanyia nini!

SHAKILA: Mimi nimekufanyia? Nilisubiri umtaje kwa wema hata mara moja! Alikuja hapa kuniomba nimpigie mpwa wake, kasema Mujibu anajua kompyuta, Mujibu atanisemea. Kasema hivyo akiwa anatabasamu, Mujibu! Nikaona ngoja nikupigie.

MUJIBU: Mpe... nipe Mjomba. Mjomba? Shikamoo, Mjomba.

[Kimya. Mtandao unakwaruza.]

MUJIBU: Mjomba, shikamoo.

SHAKILA: Anakusikia.

MUJIBU: Mbona haitikii?

SHAKILA: Muulize yeye.

MUJIBU: Mjomba, yale niliyosema... sikuwa na maana... Mjomba?

SWALEHE: Nangu, mimi Swalehe, sijachanganya siku.

MUJIBU: Najua, Mjomba.

SWALEHE: Nimeamka saa tisa usiku. Nimesoma karatasi kwa tochi. Jumatano, Chini. Nimefungua Chini. Kichwa changu kizima.

MUJIBU: Kizima kabisa, Mjomba. Kosa ni—

SWALEHE: Aliyekutoa kwa mama yako ukiwa huna hata kaptura ya shule ni nani?

MUJIBU: Ni wewe, Mjomba.

SWALEHE: Haya. Shika simu hii, mwanangu Shakila.

MUJIBU: Mjomba! Mjomba, nisikilize kidogo—

SHAKILA: Kainuka. Kaenda kusimama kwenye kona ya nyumba, katupa mgongo. Umefurahi?

MUJIBU: Nifanye nini? Niambie nifanye nini, nitafanya. Hata nikitoka sasa hivi sifiki huko saa kumi.

SHAKILA: Hufiki. Lakini meseji inafika. Kompyuta iko wazi mbele yako?

MUJIBU: Iko wazi.

SHAKILA: Andika meseji kwa nyumba zote za Juu. Zilezile mia mbili na kumi na nane. Wa Chini tutawaandikia baadaye. Iandike halafu unisomee.

MUJIBU: Ngoja... [sauti ya vitufe] ..."Ndugu zetu wa Kitongoji cha Juu, habari za mchana. Tunatumaini hamjambo na mnaendelea—"

SHAKILA: Mujibu!

MUJIBU: Nini sasa?

SHAKILA: Umerudia tena! Mkono wako unakwenda wenyewe! Toa salamu!

MUJIBU: Wazee hawa, Shaki! Niwaandikie bila salamu?

SHAKILA: Ziweke chini kabisa. Wakishajua wamekosewa nini, hapo wasalimie mpaka uchoke. Juu kabisa iwe kosa.

MUJIBU: [vitufe] "Taarifa ya zamu mliyopata juzi ilikuwa na makosa. Maji ya Jumatano yalikuwa ya Chini. Zamu ya Juu ni Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri. Kosa ni la programu ya—"

SHAKILA: Programu ina jina la baba? Nani atakwenda kuigombeza programu?

MUJIBU: [vitufe vinasita]

SHAKILA: Dakika zinakwisha.

MUJIBU: "Kosa ni langu mimi, Mujibu, niliyeitengeneza programu."

SHAKILA: Na langu. Andika, aliyeiruhusu bila kusoma mpaka mwisho ni Shakila.

MUJIBU: Si lazima wewe—

SHAKILA: Andika!

MUJIBU: [vitufe] Nimeandika. "Mzee Swalehe alifungua koki kwa ratiba halali ya kamati. Hana kosa lolote." Hapo?

SHAKILA: Hapo ongeza yeye ni nani wako. Wasije wakasema umeficha undugu.

MUJIBU: Nikisema ni mjomba wangu watasema namlinda.

SHAKILA: Kwamba ni mjomba wako wanajua, sasa wajue pia ulikaa kimya tangu asubuhi wakati ananyang'anywa ufunguo. Andika.

MUJIBU: [vitufe] "Ni mjomba wangu, aliyenilea. Nilijua asubuhi kwamba hana kosa, nikanyamaza. Naomba radhi kwake na kwenu." Halafu salamu.

SHAKILA: Halafu salamu.

MUJIBU: Nikiituma hii, kazi hii sina tena.

SHAKILA: Inawezekana.

MUJIBU: Unasema hivihivi tu.

SHAKILA: Ulitaka nikwambie nzuri, ila?

MUJIBU: Hapana.

SHAKILA: Mashine itaijaribu kwanza?

MUJIBU: Itaijaribu. Na taarifa za kundini nimeshazibadilisha sasa hivi, wakati unanisema. Neno la kwanza ni imepita au imekwama. Hakuna kingine juu yake. Barnaba akichukia, achukie.

SHAKILA: Tutaona. [simu nyingine inalia] Imekuja. Subiri, nafungua yote. Safari hii nasoma mpaka nukta. "Imepita. Majaribio tisa kati ya tisa. Inasubiri ruhusa." Ipo na nyingine chini?

MUJIBU: Hakuna. Imeisha hapo.

SHAKILA: Hakuna ila?

MUJIBU: Hakuna.

SHAKILA: Nabonyeza.

MUJIBU: Bonyeza.

SHAKILA: Nimebonyeza.

[Kimya. Mtandao unakwaruza.]

MUJIBU: Zimefika?

SHAKILA: Bado... aah, hiyo ya Mama Severina... hapana, ndiyo hii tunayoongelea. Imelia ya jirani. Na ya pale dukani. Zinalia, Mujibu, zinalia pale chini ya mikorosho, penye mkutano, watu walishaanza kukusanyika. Wameinamia simu.

MUJIBU: Wanasemaje?

SHAKILA: Hawasemi. Wanasoma. Mzee Barnaba kasimama katikati, anawasomea wasio na simu. Anasoma kwa sauti yake ileile ya kukemea.

MUJIBU: Anasoma na jina langu?

SHAKILA: Anasoma na jina lako. Kalirudia.

MUJIBU: Ya Rabi. Na Mjomba?

SHAKILA: Kasogea, anasikiliza. Mikono nyuma. Mama mmoja pale anapiga kelele, anasema na pipa langu nani atalijaza, na haki yake apige. Haya, Barnaba anamwita Mzee Swalehe. Anaingiza mkono mfukoni... Ufunguo. Kampa ufunguo.

MUJIBU: Kampa?

SHAKILA: Kampa mbele yao wote. Kasema neno, sijalisikia. Mjomba anarudi huku.

MUJIBU: Shaki, nipe niongee naye. Tafadhali. Dakika moja tu.

SHAKILA: Dakika yenyewe sijui kama ipo. Mzee, mpwa wako huyu anataka kukusemesha. Ongea, anakusikia.

MUJIBU: Mjomba. Shikamoo, Mjomba.

[Kimya.]

MUJIBU: Mjomba, nimekukosea. Nimekukosea mara mbili kwa siku moja. Nakuamkia, Mjomba, shikamoo.

SWALEHE: Ujumbe wako umesomwa.

MUJIBU: Ndiyo, Mjomba.

SWALEHE: Umesomwa vizuri, watu wameelewa.

MUJIBU: Nashukuru, Mjomba.

SWALEHE: Wamenivua heshima nimesimama pale pampuni, watu wananiangalia. Shikamoo ya kwenye simu sikuitikii. Njoo uniamkie palepale.

MUJIBU: Nakuja, Mjomba. Leo hii. Hata nikifika usiku—

SHAKILA: Mujibu, imelia ile ya dakika kuisha, fanya upe—

MUJIBU: Mwambie nakuja! Shaki, mwambie anisubiri pampuni, mwambie—

[Tu. Tu. Tu.]

MUJIBU: Haloo? Mjomba? Haloo! [mlango unabamizwa] We boda! Boda, we! Geuza! Stendi ya magari ya Newala, nawahi Kitangari, twende!